Fundi Viatu wa Kila Ijumaa

Amri ilipotoka makao makuu kwamba kila askari apimwe kwa kazi yake, mkuu wa kituo alitundika ubao ofisini kwake. Yeye aliona kazi ya askari ni kukamata, basi. Ukikamata mtu, unachorewa kistari kimoja cha chaki. Sajenti wa doria alikuwa na vistari arobaini na kimoja. Koplo wa kaunta, mwanamke mpole waliyembandika jina la Mama Benchi, hakuwa na hata kimoja.

Jina hilo lilitokana na mtindo wake. Majirani wakija wamevimbiana, aliwaketisha benchi moja, bega kwa bega, na hawaondoki mpaka kila mmoja ameyaeleza malalamiko ya mwenzake kama yake. Wengi walitoka wakicheka. Lakini kazi hiyo haikuwa na kistari.

Sasa miezi mitatu ya kupimwa ilikuwa imetimia. Wa mwisho ubaoni angehamishiwa mpakani, safari ya siku mbili, na mama mzazi wa Koplo alikuwa haoni tena hata mlango ulipo. Nani angemshika mkono? Asubuhi ya Ijumaa ile Koplo alisali, akamsogezea mama maji ya kunywa, akaenda kazini.

Mkaguzi kutoka makao makuu, mama wa makamo mwenye miwani, alifika saa nne. Mkuu alimwonyesha ubao kifua mbele. Mkaguzi akautazama kidogo, kisha akaomba kitabu cha matukio, ambacho Koplo ndiye aliyekiandika kila siku. Kidole chake kikashuka ukurasa baada ya ukurasa.

"Huyu fundi viatu ana nini? Kakamatwa mara kumi na moja, zote Ijumaa."

Sajenti akakohoa. Ijumaa ndiyo siku ya kuhesabu vistari, na fundi viatu kibanda chake kiko pale pale getini. Kabla jibu halijapatikana, fundi mwenyewe akaingia, mfuko wa nyundo na gundi begani.

"Afande, leo nimejileta," akamwambia Sajenti. "Niandikeni upesi, nimeacha kiatu cha mteja hakina soli."

Mkuu akatazama dari kama mtu aliyesikia inavuja.

"Na hizi alama za penseli pembeni?" Mkaguzi akauliza.

Koplo akaeleza kwamba kila ugomvi aliousuluhisha, baada ya wiki mbili hupita kwa wahusika kutazama kama amani imeshika. Ikiwa imeshika, hutia alama. Mkaguzi akahesabu. Kati ya magomvi tisini na sita, yaliyorudi kituoni ni matatu.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Afande. Nilitaka nilale usingizi."

Mkaguzi akavua miwani. Akamwambia Mkuu kuwa amri ilisema kazi ipimwe, haikusema watu wavunwe. Kuanzia sasa zihesabiwe hizo alama za penseli. Koplo abaki hapo hapo awafundishe wenzake, na jina lake liende makao makuu kwa ajili ya cheo.

Sajenti ndiye aliyepewa kitambaa. Akafuta vistari vyake vyote, vumbi la chaki likimwagikia viatu.

"Mama Benchi, umetumaliza," akasema, akashindwa kuzuia kicheko.

"Sasa mimi Ijumaa niende wapi?" fundi akauliza.

"Kashone kiatu cha watu," Koplo akamjibu.

Jioni alirudi nyumbani akimshukuru Mungu kila hatua. Alimkuta mama kitandani, amekwisha kumfungia sanduku la safari kwa kupapasa.

"Fungua, Mama," akasema. "Nguo zirudi kabatini."