Pini Kwenye Kisahani

Kaka alisimama mbele ya kioo, suti ikiwa bado na chaki, na dada yake fundi cherehani alikuwa amepiga magoti akipima pindo la suruali. Mwaka juzi kupandikizwa uboho wa kaka ndiko kulikomnusuru dada mtu na saratani ya damu, na tangu hapo utani wao ulikuwa mmoja tu.

"Mpangaji wangu huko ndani ana adabu?"

"Katulia tuli," alijibu fundi, akichukua pini kwenye kisahani.

Kaka akakitazama kisahani. Tangu usichana wake fundi huyu alibana pini midomoni, hata akigombana na wateja alizibana vilevile. Kisahani kimetoka wapi?

"Fungua mdomo."

"Simama wima, unaniharibia pindo!"

"Dada, nimesema fungua."

Akaufungua kwa hasira. Kaka akamulika kwa simu. Ndani ya mashavu kulikuwa na mistari myeupe iliyosukana kama lesi, na kati yake vidonda vibichi. Daktari aliwaonya wote wawili: uboho wa mtu mwingine unaweza kuugeukia mwili ulioukaribisha, hata baada ya miaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kutania."

Fundi akainuka, akashika meza, akahema kama aliyepanda ngazi.

"Mpangaji wako anabomoa nyumba, kaka. Kaanzia mlangoni. Sasa yuko..."

Pumzi ikamwishia, akajigusa kifua.