Me au Ta

Siku Baba alipoondoka, brashi zake tatu zilikuwa zimelowekwa kwenye kopo la mafuta ya taa. Alikuwa anakwenda kupimwa presha tu. Mlangoni alimwambia Mama, "Usiziguse, nitarudi kuziosha."

"Ta hiyo nimeisikia," Mama akamjibu. "Mimi nangoja me."

Wakacheka. Saa nane mchana hospitali ilipiga simu. Brashi niliziosha mimi, siku ya tatu, wageni walipopungua.

Niieleze hiyo me na ta, maana wajukuu watasoma haya na hawakumjua vizuri. Baba alikuwa mchora mabango. Ujanani mwenye duka mmoja alimwagiza aandike TUTAFUNGUA KARIBUNI. Baba akaandika TUMEFUNGUA KARIBUNI. Kosa la herufi mbili, lakini watu walisoma "tumefungua, karibuni," wakaja na vikapu, wakakuta kufuli. Mwenye duka alimwita Bwana Me mbele ya umati, na jina likamganda kama rangi ya mafuta. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna kitenzi kilichopita bila kukaguliwa. Nikisema, "Nimeosha vyombo," Baba aliuliza bila kuinua macho kwenye gazeti, "Me au ta?" Nami nilikwenda kuviosha.

Kabla hajafariki, yeye na Mama walikuwa wamechagua nyumba katika mradi mpya, nyumba isiyo na ngazi kwa ajili ya goti la Mama. Kwenye ramani Baba aliizungushia duara jekundu. Miezi miwili baada ya mazishi, wauzaji wakatuita: mkataba uko tayari, tuje tusaini na kulipa sehemu kubwa. Ilikuwa akiba yote ya Bwana Me, aliyoipata herufi kwa herufi. Ikipotea, hakuna nyingine.

Ofisini kulikuwa na mfano wa nyumba wa karatasi ngumu ndani ya kioo, na mti wa plastiki mrefu kuliko paa. Kijana wa mauzo alikuwa akisema "hakuna shida" kabla hajaulizwa kitu, na kabla hatujakaa Mama alikuwa ameshamwita Hakuna Shida. Mjomba, mdogo wake Mama, alitusindikiza, akichungulia dirishani kila mara kwa sababu aliegesha gari vibaya.

"Mama yangu, saini hapa, hapa na hapa," kijana akasema. "Kurasa ni nyingi lakini ni mambo ya kawaida. Hakuna shida."

Mama akashika kalamu. Sikuwa nimepanga kusoma chochote. Kidole changu ndicho kilichoshuka kwenye ukurasa wa tisa, kikatambaa chini ya maneno kama Baba alivyokuwa akihakiki bango. Nikasoma kwa sauti:

"'Mnunuzi ameikagua nyumba, ameridhika nayo, na hatakuwa na dai lolote kuhusu kasoro zinazoonekana.'"

Kalamu ya Mama ikabaki hewani. "Ameikagua?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Me?"

"Me, Mama. Tena mbili."

Mama akamgeukia kijana. "Mwanangu, juzi tulikwenda pale. Kuta zimefika madirishani. Nimekagua nini, mawingu?"

Mjomba alikohoa kuficha kicheko.

"Ni lugha ya mkataba tu, Mama. Wote wanasaini hivyohivyo."

"Mume wangu naye aliwahi kuandika me palipotakiwa ta. Nusura watu wavunje mlango."

"Dada, saini twende," Mjomba akasema. "Gari langu litavutwa."

"Gari lako lina magurudumu, litarudi. Nyumba haina."

Nikarudi ukurasa wa nne. "Nyumba itakabidhiwa itakapokamilika." Ta ilikuwepo, lakini tarehe sikuiona popote.

"Ta isiyo na tarehe ni ahadi ya mlevi," Mama akasema.

Hakuna Shida hakusema tena hakuna shida. Alisema kuna familia nyingine inaitaka nyumba hiyohiyo, na tusiposaini leo hawezi kutushikia. Mama akaitazama ramani ukutani, pale palipokuwa na duara la Baba kwenye nakala yetu. Nilidhani atasaini. Akafunika kalamu, akailaza juu ya mkataba.

"Wakisaini wao, nawapa hongera. Mimi sijaikagua. Nitaikagua."

Tuliomba nakala, tukampelekea wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya kinyozi. Aliisoma yote. "Mngesaini hivi," akasema, "ufa utakaouona siku ya ufunguo ungekuwa wako, Mama, uufuge." Akaandika upya: mnunuzi ataikagua nyumba kabla ya kupokea ufunguo, kasoro atakazoziona mjenzi atazirekebisha kwanza, malipo ya mwisho yatangoja, na tarehe iwepo, pamoja na fidia wakichelewa.

Wiki mbili kimya. Mama akawa anazidisha chumvi kwenye kila chungu. Kisha wakapiga simu. Fidia walikataa, ila wakichelewa miezi mitatu tunaweza kujitoa na kurudishiwa chetu chote. Wakili akasema hiyo inatosha. Tukasaini. Familia ile nyingine hatukuiulizia.

Wiki iliyopita tulikagua. Mama alikuja na ndoo. Alimwaga maji bafuni, nayo yakalipita tundu la maji bila salamu, yakatoka mlangoni kutulaki koridoni. Hakuna Shida akaruka na viatu vyake vyeusi.

"Maji yenu ni mageni hapa," Mama akamwambia, "hayajui njia."

Kijana alicheka, akaandika kwenye orodha: Sakafu ya bafu imerekebishwa. Mama akainama juu ya bega lake.

"Me au ta?"

Akakata, akaandika itarekebishwa, na tarehe pembeni. Mama alitoka nje, akasimama kidogo peke yake akiangalia ukuta, kisha akaniita nimbebee ndoo.

Fundi wa sakafu anaanza Jumatano. Ufunguo bado uko ofisini kwao, na Mama analala kwangu, chumba cha mbele.