Nyota Zilizopangwa Upande

Ulikuwa mwaka wangu wa ishirini na mbili wa kuwapeleka wanafunzi Ravenna, mji wa kale wa Italia. Maelezo yote nilikuwa nayo kichwani, hata pa kuvuta pumzi napajua. Safari hii walikuwa kumi na wanane kutoka shule yetu ya ufundi pale Rovigo, na Jumamosi ile walitaka jambo moja tu: kufika baharini jua likiwa bado kali.

"Mwalimu, huyu mama mwenye kaburi alikufa lini?" Tullio aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya kaburi la Galla Placidia, malkia wa Warumi wa kale.

"Zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita."

"Basi hana haraka. Tungeanza na bahari."

Wakaangua kicheko, isipokuwa Nives Bordin. Nives alikuwa msichana wa maneno machache. Baba yake, Ferruccio, ni fundi wa vigae, naye Nives humsaidia kila Jumamosi. Hata siku ile kucha zake zilikuwa na saruji.

Tukaingia. Ndani ni padogo, tulibanana bega kwa bega. Madirisha ni ya jiwe jembamba linalopitisha mwanga wa rangi ya asali, na juu yetu kulikuwa na anga ya buluu iliyojaa nyota za dhahabu, zote za vijiwe vidogo kama punje za mahindi. Nikaanza maelezo yangu.

"Mnaona vijiwe haviko sawa? Ni uzee huo. Ukuta umechoka."

"Hapana," Nives akasema.

"Hapana nini?"

"Haujachoka, Mwalimu. Vimepangwa hivyo. Tazama ile nyota, vijiwe vyake vimeinamia mlangoni. Ile ya pembeni vimeinamia dirishani. Kitu kikizeeka huharibika ovyo. Hapa mtu alikusudia."

"Haya, fundi mkuu kaamka," Tullio akamtania.

"Hebu funga mdomo, uchuchumae. Nyote. Na wewe Mwalimu, samahani. Sasa sogeeni huku taratibu, msiinuke."

Nikachuchumaa na goti langu bovu, nikasogea hatua moja. Nyota zikawaka. Si zote kwa pamoja. Moja iliwaka, jirani yake ikazimika, nyingine ikashika, na kila nilipotikisa kichwa anga nzima ilijongea kama kitu kinachopumua. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimesimama wima pale chini, nikiwaambia watoto wa watu kwamba ule ni uchakavu.

Hakuna aliyecheka. Tullio alikuwa amekaa sakafuni kabisa, kinywa wazi. Mlinzi alikuja kututoa kwa kuwa dakika zetu zilikwisha. Akatukuta chini, akatazama tulikotazama, akarudi mlangoni, akatuacha pale pale.

Tulipotoka, Nives alimpigia baba yake simu.

"Baba, kuna mtu huku kapanga vigae vimekaa upande."

Nikamsikia Ferruccio: "Mwambie avibandue arudie!"

"Baba, kapatia."

"Kapatia vipi?" Ferruccio akauliza.

"Njoo uone."

Nilidhani ni maneno tu. Jumapili asubuhi, tulipofika tena kaburini kuaga mji, gari la kazi la Ferruccio lilikuwa limeegeshwa mtaa wa pili, na mwenyewe yuko kwenye foleni na viatu vyake vya kazini, kofia mkononi. Nikaingia naye pamoja na Nives. Nives akamwonyesha pa kuchuchumaa. Yule mtu mkubwa akashuka chini polepole, akatazama juu, macho yakamjaa machozi.

"Huyu bwana," alinong'ona, "alikuwa anajua jua litapita wapi."

Muda ulipokwisha tukatoka. Nikageuka kumwuliza kama atakula nasi, nikamwona anaelekea mwisho wa foleni.

"Baba, unaenda wapi? Si umeshatoka!"

"Nimetoka," alisema, akijipanga nyuma ya familia moja ya Wajerumani. "Sasa naingia."