Mtu Badala ya Kontrola

Mwaka ule wa mvua za elnino, Mwanne alikuwa na ofisi ya simu ya upepo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa, na waya za simu za mezani hazikufika vijijini kusini. Mtu wa kule aliyetaka habari za kwao alipanda ngazi kwa Mwanne, akaketi kwenye benchi, akangoja zamu. Mwanne alibonyeza kipaza sauti, akaita Namkonda, na Namkonda ikaitika, kila upande ukimaliza kwa kusema ovaa ili mwenzake ajue zamu ni yake.

Namkonda kilikuwa kijiji cha mbali, kupita Masasi, na Mwanne mwenyewe hakuwahi kufika huko. Redio ya kule ilikuwa mali yake, pamoja na paneli ya sola na betri ya kuiendesha. Aliyeishughulikia alikuwa Ignasi, mkulima wa korosho ambaye nyumba yake ilikuwa kilimani, mahali ambapo mawimbi yalishika vizuri. Kwa miaka walikuwa wakizungumza karibu kila siku, bila kuonana. Ignasi alikuwa na sauti ya taratibu. Hata habari ya msiba aliitoa kwa namna ambayo mfiwa alipata nafasi ya kukaa chini kwanza. Mwanne alikuwa ameachwa na mumewe zamani, wakiishi Temeke, na sauti ile alikuwa ameizoea kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupanda, walijuliana hali, wakaongea habari za mgao wa umeme wa Dar na wanunuzi binafsi wa korosho waliokuwa wameanza kuingia vijijini. Hakumwuliza kama ana mke. Naye hakusema.

Mvua zilipokuwa zimeshika, Ignasi akaeleza kwamba betri inachemka. Jua likitoka kati ya mvua na mvua, inapata joto, inatoa harufu kali, na maji yake yanapungua kila siku. Taa ya kontrola, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri kuzuia chaji isizidi, ilikuwa haizimiki tena.

Mwanne alishuka akaenda kwa Bhargav, mtaa wa pili. Bhargav alikuwa mwenye duka na fundi kwa pamoja, mtu wa Upanga, ambaye baba yake aliuza misumari na makufuli. Biashara ya kuagiza vitu nje ilipofunguliwa, yeye akaanza kwenda Dubai na kurudi na sola. Kontrola ya Namkonda alikuwa ameiuza yeye. Alimsikiliza Mwanne hadi mwisho, akachukua kontrola nyingine ya aina ileile kutoka kwenye rafu, bado ikiwa kwenye boksi lake, na bisibisi, akapanda naye ngazi.

Aliiweka mezani mbele ya redio, akaifungua kifuniko, na kumwambia Ignasi afungue ya kwake. Basi wakawa wanatazama kitu kimoja, mmoja Kariakoo na mwingine Namkonda, na wateja wa benchi wakasogea nao kutazama. Bhargav alimwongoza pole pole: kuna kidude cheusi cha mraba karibu na kona, kigonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, je, kinalia? Ignasi alisema hakilii, tena upande mmoja kimebadilika rangi kama kilichoungua. Bhargav aligonga cha kwake, kikalia tik. Akaeleza kilichotokea. Swichi ya ndani ilikuwa imegandana kwa joto. Paneli ilikuwa inaijaza betri mfululizo, imejaa haijajaa.

Dawa yake ilikuwa kuweka kontrola nyingine, na nyingine ilikuwa pale mezani. Lakini barabara ya kusini ilikuwa imekatika, magari yamekwama kwenye tope Rufiji kwa wiki nzima. Kulikuwa na meli ya Mtwara, ila kutoka Mtwara hadi Namkonda madaraja mawili yalikuwa yamechukuliwa na maji. Na hata kama njia ingekuwepo, Bhargav alisema, hatapeleka tena kontrola ya aina hii. Aliyoifungua ameiona ndani, ni kazi ya ovyo, na zilizobaki dukani ataziondoa.

Hivyo akamfundisha Ignasi kuishi bila kontrola. Atoe kile kiboksi, aunganishe waya za paneli moja kwa moja kwenye betri asubuhi, na betri ikijaa azichomoe. Mita hana, kwa hiyo atumie sikio na macho: afungue vizibo, na akiona mapovu madogo yanapanda katika matundu yote, imejaa. Asisogeze moto wala sigara karibu. Jioni asisahau kuchomoa, maana usiku paneli huinyonya betri. Na maji ya kuongeza yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye beseni safi uwanjani, siyo yaliyopita kwenye bati.

Ignasi alirudia kila neno. Kisha akasema kazi hiyo inataka mtu wa kushinda nyumbani.

Juma lililofuata Mwanne aliita Namkonda, ikaitika sauti ya mwanamke.

"Hapa Namkonda. Ignasi yuko shamba. Mimi naitwa Klara, mke wake, betri naiangalia mimi. Habari za huko, wifi? Ovaa."

Ignasi alikuwa akimwita dada, kwa hiyo mke wa Ignasi amwite wifi, hakuna kosa hapo. Lakini neno lile moja lilimweka mahali pake, na alihisi uso unawaka ingawa benchi lilikuwa bado tupu. Akajibu kwamba habari ni njema, akauliza hali ya betri. Siku ile hakuongea zaidi ya kazi.

Klara aliifanya kazi hiyo kwa namna yake. Alisema betri ikikaribia kujaa inavuma kama maji ya ugali, na hahitaji hata kufungua vizibo, anasikia akiwa uani anatwanga. Kwa kuwa alishinda nyumbani, akawa yeye ndiye anayeitika. Alikuwa mwepesi kuliko mumewe. Mteja akitaja jina la baba yake tu, Klara alijua nyumba, alijua nani anaumwa, nani kahamia kwa mkwewe. Watu wa benchi wakaanza kumwulizia. Mwanne alikaa muda kabla ya kumpenda. Kuna asubuhi alizoita Namkonda akitumaini sauti ya zamani itaitika, na ilipoitika ya Klara aliona aibu ambayo hakumwambia mtu. Lakini Klara alikuwa akimwuliza kila siku kama amekula, na hatimaye Mwanne akawa anamjibu ukweli.

Baadaye Namkonda ikanyamaza. Mwanne aliita asubuhi, akaita mchana, akasikia upepo tu. Katika siku hizo alikuja Mwinyimvua, muuza mitumba, ambaye aliachiwa habari na msafiri kwamba mama yake hajiwezi. Alikuwa anafunga biashara kila mchana, anakuja kukaa kwenye benchi, Mwanne anaita, hakuna kitu, anaondoka.

Siku Klara aliporudi hewani, sauti yake ilikuwa nyembamba. Malaria ilikuwa imemlaza, alikuwa hajitambui. Ignasi aliunganisha paneli asubuhi akaenda shamba, akasahau, jua likawaka kutwa nzima, na betri ikachemka hadi ikakauka tundu moja. Ilibidi waazime betri ya trekta ya misheni. Mwanne alimwambia kwamba Mwinyimvua yupo hapo, anaulizia mama.

"Kaka Mwinyimvua," alisema, "mama tulimzika Ijumaa. Ovaa."

Mwinyimvua hakulia pale. Aliinama kwenye kipaza sauti akauliza nani alimwosha. Klara akamtajia wanawake wote waliomwosha, kama alivyohadithiwa alipopata nafuu, akamwambia mama alivyolala usiku wa mwisho, na kwamba kaburi liko upande wa mikorosho ya babu yake. Alimweleza hadi mwenyewe akasema inatosha. Kisha akashuka ngazi.

Mvua zilipoisha na mabasi kuanza kupita, Bhargav alileta kontrola mpya, ya aina nyingine, isiyo na swichi ya kulia tik ndani. Alisema hii ni badala ya ile aliyouza vibaya. Mwanne alimwarifu Klara kwamba inakuja na basi la Masasi, pamoja na betri mpya. Alitegemea afurahi.

"Nimekupata, wifi. Nashukuru. Lakini kikishafika hicho, Ignasi atarudi kwenye redio, anasema kazi ni yake. Mimi nitarudi shamba. Ndiyo nauliza, ni lazima iwe hivyo? Ovaa."

Aliyasema hayo hewani, ambako vituo vyote vya kusini vilisikia, na wateja wa benchi walisikia. Mwanne alimwambia asubiri. Alifikiri siku mbili. Alijua akimrudisha Ignasi atapata tena asubuhi zake, na alijua kwamba hiyo siyo sababu ya kumpa mtu kazi. Akaita akaomba wote wawili wawepo, akasema kuanzia sasa kituo cha Namkonda ni cha Klara, na malipo yatatumwa kwa jina la Klara.

Upepo ulivuma kwenye spika. Kisha ikaja ile sauti ya taratibu.

"Dada, umeniondoa kazini mbele ya watu. Ovaa."

"Nimekuondoa, kaka Ignasi. Mteja akiita, anayekuwepo ni yeye. Ovaa."

Ignasi akauliza kama fundi yupo, kwa sababu basi limeshaleta mzigo na anataka kujua waya zipi zinaanza. Bhargav alipandishwa haraka kutoka dukani. Alimwambia waya za betri kwanza, halafu za paneli, za redio mwisho. Ignasi alikaza, Klara alisoma alama za jumlisha na kutoa kwenye kiboksi, na taa ya kijani ikawaka. Bhargav aliwaambia wangoje betri ijae waone kama itazimika. Walingoja. Adhuhuri Klara akaripoti kwamba imezimika yenyewe, na betri imetulia.

Ignasi hakumsalimia Mwanne msimu mzima. Alipokuja kusema naye tena ilikuwa wakati wa korosho, alikuwa amepata kazi ya kumkusanyia mnunuzi mmoja, na alitaka kujua bei ya Dar. Mwanne alimwambia bei kama alivyowaambia wengine wote. Ignasi akashukuru, akauliza hali yake, naye akasema hajambo. Kisha Klara akachukua kipaza sauti akauliza nani anafuata kwenye benchi.