Nahodha wa Kiti cha Kumi na Tisa

Fundi Mizani alikuwa mtu wa kwanza kuweka sahihi, na hilo ndilo lililomponza.

Siku hiyo mashabiki walijaa kwenye ukumbi wa shule, wamefura kama unga uliotiwa hamira. Mmiliki mpya wa timu, tajiri wa sabuni, alikuwa ameuza uwanja wa mazoezi ukageuzwa maghala. Akamfukuza kocha na mpishi siku moja. Kisha akaichukua jezi ya kijani, iliyovaliwa tangu babu zao wakiwa bado na meno, akaifanya ya waridi, rangi ileile ya sabuni yake ya kuogea. Wachezaji wakiingia uwanjani utadhani ni miche ya sabuni iliyotoroka bafuni, na kuna watu walioapa kwamba siku ya mvua beki wa kushoto alitoa povu. Basi wakakubaliana: msimu huu hakuna kununua tiketi hata moja, ya msimu wala ya siku. Tajiri akae na viti vyake avisugue.

"Nani anaanza?" akauliza mwenyekiti wa mgomo, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri.

Fundi Mizani akasimama. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa ametengeneza mizani za wauza nyama na wauza nafaka, kazi isiyovumilia uongo hata wa gramu moja, na labda ndiyo maana alipostaafu uongo wake wote ulikuwa mzima, haujatumika.

"Mimi yule bwana nimempima kwa jicho," akasema. "Ukitoa suti na saa, hafiki kilo mbili na nusu. Kidole hiki kimeinua magunia, kitashindwa na yule?"

Ukumbi ukalipuka. Akatia sahihi kwa mbwembwe kama waziri, na palepale akachaguliwa msemaji wa Jukwaa la Mashariki, akakabidhiwa kipaza sauti cha mkononi, kile cha kushika kama jagi. Alirudi nyumbani kichwa kimevimba. Alipoingiza ufunguo kwenye kufuli la chumba chake ndipo alipomkumbuka Nahodha, na kichwa kikanywea chote.

Nahodha alikuwa mtu wa kiti cha kumi na tisa, safu ya M. Fundi alikaa kumi na nane. Kwa miaka kumi na moja, kila timu ilipocheza nyumbani, walikaa bega kwa bega, wakagawana karanga, wakamtukana refa kwa zamu ili koo zisichoke. Jina lake halisi Fundi hakulijua. Alijua kwamba alikuwa nahodha wa meli, kwamba aliwahi kusafirisha tembo sita wa sarakasi, na bahari ilipochafuka aliwapanga watatu huku watatu kule meli isipinduke. Alijua ana binti mwenye duka kubwa la dawa mkabala na posta.

Fundi naye hakukubali kushindwa. Alimwambia ana mke anayekoroma mpaka majirani huamka wakidhani trekta limewaka, na watoto wanne wa kiume, mmoja akipiga tarumbeta jeshini. Alimwambia wanaishi kwenye nyumba ya ghorofa yenye geti la bluu, karibu na tangi la maji.

Hakuwa na mke. Aliwahi kuchumbia mara moja, mchumba akaolewa na mteja wake, muuza mchele, mtu ambaye Fundi mwenyewe alikuwa amemtengenezea mizani vizuri mno. Watoto hakuwa nao. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Lakini mke yule wa jukwaani alikuwa akiulizwa hali kila mechi. "Shemeji hajambo?" Nahodha angesema. "Hajambo, amekusalimu," Fundi angejibu, na mpaka Jumatatu sauti ile ingali inazunguka kifuani kama kitu cha moto.

Namba za simu hawakupeana. Utaombaje namba ya mtu utakayemkuta palepale Jumamosi? Zaidi ya hayo, mwenye namba hupiga, akipiga huuliza, "Hebu nipe shemeji nimsalimie."

Msimu ukaanza. Jumamosi ya kwanza Fundi alifua mashuka. Ya pili akafua mashuka yaleyale. Kutoka chumbani kwake uwanja ulikuwa hausikiki, ila alikuwa akifungua dirisha hata hivyo. Wiki nzima watu walimpa hongera barabarani, "Msemaji! Tumembana tajiri!" na yeye akainua ngumi, akatoa utani, kisha akaingia ndani akaula wali wake amesimama, maana kukaa kulimkumbusha kwamba upande wa kulia hakuna mtu.

Jumatatu moja akapiga moyo konde, akaanza kumtafuta Nahodha. Akaenda mkabala na posta. Palikuwa na duka la vioo. Akamuuliza mwenye duka kama hapo zamani palikuwa duka la dawa.

"Mzee, hapa kabla ya vioo palikuwa vioo," akajibiwa. "Na baba yangu aliuza vioo."

Akaenda ofisi ya mabaharia wastaafu. Karani, mama mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alipekua daftari, akarudia, kisha akamtazama kwa huruma. "Tembo sita, baba?"

"Sita."

"Tungekuwa tumesikia."

Alitoka pale akatembea mitaa minne bila kujua anakwenda wapi. Hakumkasirikia Nahodha. Angemkasirikiaje? Kilichomuuma ni kwamba wawili wao walikuwa wamejenga ukuta mzuri, wakaupaka rangi, wakautia maua, na sasa kila mmoja alikuwa upande wake na mlango hawakuuweka.

Mechi ya nne ya nyumbani ilionyeshwa kwenye televisheni. Wagomaji walijazana kwa kinyozi kuhesabu viti vitupu, na kila kamera ilipopita juu ya jukwaa lisilo na watu walishangilia kuliko bao. Ndipo kamera ikafika Jukwaa la Mashariki, ikasimama.

"Heh! Tazama yule!" akasema kinyozi, mkasi hewani.

Katikati ya viti elfu mbili aliketi mtu mmoja. Mdogo, kofia imeshuka mpaka masikioni. Pembeni yake, kwenye kiti cha kushoto, alikuwa ametandika koti lake vizuri, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi kwenye foleni.

Watu wakacheka, kisha wakachukia.

"Msaliti mkubwa!"

"Amenunuliwa kwa sabuni huyo, tena ya kipande."

"Na koti lake nalo limelipa tiketi?"

Mwalimu akageuka. "Fundi, wewe ndiye msemaji wa jukwaa hilo. Huyo ni nani?"

"Simjui," akasema Fundi, na lilikuwa jambo la kweli kabisa.

"Basi tutamjua," akasema Mwalimu. "Mechi ijayo tunamsubiri getini. Na wewe utampa vidonge vyake kwa kipaza sauti, mbele za watu, mpaka tiketi aile."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Kuingia uwanjani asingeweza, sahihi yake ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi. Lakini getini angemwona.

Siku hiyo walisimama kama thelathini, kila mmoja na jezi yake kuukuu ya kijani. Filimbi ya mwisho ikalia. Wakatoka kwanza wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, walioletwa kwa basi wakavalishwa fulana za waridi, wakapita wakitazama chini. Halafu pakawa kimya. Halafu akatoka Nahodha, polepole, koti mkononi.

Bila jukwaa alikuwa mfupi zaidi. Fundi hakuwahi kumwona akitembea hatua zaidi ya ishirini, wala hakujua kwamba anachechemea.

"Msaliti!" wakaanza. "Sabuni! Sabuni!" Mtu akapuliza povu la kuchezea watoto likamtua begani. Nahodha akasimama, akawatazama mmoja mmoja, macho yakafika kwa Fundi na kipaza sauti chake. Yakakaa hapo.

"Sema sasa," Mwalimu akamsukuma kwa kiwiko.

Fundi akainua kipaza sauti. Geti zima likasikia anavyopumua. Kisha sauti ikatoka, kubwa kuliko alivyotaka:

"Nahodha. Samahani, ndugu yangu, nimechelewa."

Kelele zikakatika.

"Fundi," akasema Mwalimu taratibu, kwa sauti aliyotumia zamani kwa wanafunzi wa mwisho darasani, "umeugua?"

"Huyu ni mtu wangu, Mwalimu." Akamrudishia kipaza sauti. "Mgomo uendelee, sahihi yangu siifuti. Lakini huyu simsemi. Tafuteni msemaji mwingine."

"Yaani umetuacha kwa ajili ya mtu usiyemjua? Si wewe uliyesema humjui?"

"Simjui," akasema Fundi, akavuka upande wa Nahodha.

Waliondoka wawili wakifuata ukuta wa uwanja, nyuma yao watu wakinong'ona. Nahodha ndiye aliyeanza.

"Nimekuwekea kiti mechi tano."

"Kuna mgomo."

"Mgomo nausikia. Na hayo mambo ya waridi sijayapenda hata mimi, naona kama ninatazama kidonda." Akatembea kidogo. "Nikafikiri labda shemeji anaumwa. Nikaenda kumjulia hali. Ile nyumba ya geti la bluu, karibu na tangi."

Fundi akapunguza mwendo. "Ukaiona?"

"Niliiona. Ni kliniki ya meno. Wakanikalisha kwenye kiti kabla sijajieleza." Akagusa shavu. "Nikajiambia, bila shaka wamehama."

Fundi hakucheka. Akasema, "Mimi pia nilipita pale mkabala na posta. Kwa binti yako."

Nahodha alitazama viatu vyake kwa hatua nne, tano. "Ukamkuta?"

"Alikuwa na wateja wengi. Sikutaka kumsumbua."

"Ndivyo alivyo yule," akasema Nahodha, sauti imelegea. "Kazi tu."

Wakafika njia panda. Hapo ndipo watu wawili wa jukwaani wangeagana, kila mmoja ashike njia yake ya uongo, na Jumamosi inayofuata hakuna kiti. Fundi alilijua hilo vizuri kama alivyojua uzito wa jiwe la kilo.

"Nahodha, sina mke."

Nahodha akasimama. Kisha akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu mwili mzima, mpaka akashika nguzo ya taa. "Wewe bwana wewe! Kiboko! Na tarumbeta je?"

"Hakuna tarumbeta. Hakuna watoto. Ninakaa peke yangu nyuma ya kiwanda cha magodoro, miaka ishirini sasa."

"Hiyo ndiyo kali kuliko zote ulizowahi kunipigia," akasema Nahodha akifuta macho. "Hata tembo wangu wameshindwa."

"Twende ukaone."

Kicheko kikapungua, ila hakikuzimika chote. "Twende," akasema, kama mtu aliyekubali kamari ya karanga.

Njiani hawakuzungumza sana. Walipita kwenye geti la kiwanda, wakakata kwenye uchochoro wenye kamba za nguo, wakafika safu ya vyumba sita. Fundi akafungua kufuli la chumba cha mwisho, akasukuma mlango, akasimama kando.

Nahodha akaingia. Kitanda cha futi tatu. Kiti kimoja. Jiko la mafuta, sufuria moja ndogo, kikombe kimoja kimefunikwa juu ya ndoo. Shati kwenye msumari. Alitazama kila kimoja kwa zamu, bila haraka, na Fundi pale mlangoni hakujua mikono yake aiweke wapi. Chumba cha jirani mtu alikuwa akisikiliza matokeo redioni. Timu ya waridi ilikuwa imefungwa mawili.

Nahodha akavua kofia.

"Naona ametoka," akasema.

"Nani?"

"Shemeji."

Fundi alitaka kusema tena, vizuri zaidi, kwa mpangilio: hakuna shemeji, hajawahi kuwepo. Akamtazama yule mzee, nywele zimebanwa na kofia, koti bado mkononi, na uso usio na utani hata chembe.

"Ametoka," akasema. "Amekwenda kwa dada yake."

"Na vijana?"

"Wote wanne. Wamemsindikiza."

"Ndiyo maana pametulia." Nahodha akavuta kiti, akakikagua mguu mmoja uliolegea, akakaa. Koti akalitandika magotini. "Basi tutawasubiri. Mimi sina haraka. Kwangu nako leo wamejaa watu, binti, wajukuu, huwezi kusikia hata mawazo yako."

"Utakunywa chai?"

"Ikiwepo."

Fundi akawasha jiko, akateleka maji, akakiosha kikombe kwa muda mrefu kuliko uchafu wake. Kisha akatoka barazani, akatembea mpaka chumba cha tano, kwa mtu ambaye tangu wahamie hawajawahi kupeana zaidi ya salamu ya kichwa. Redio ilikuwa ikinguruma ndani. Akajifuta mikono kwenye suruali, akafikiria atakavyoomba kikombe cha pili, akagonga.