Kifurushi Kisichochukuliwa cha Kwemhosi

Jana usiku niliota stesheni yetu ya Kwemhosi, iliyofungwa miaka ishirini iliyopita, imesimama kwenye foleni ya tiketi na bati lake kichwani, kama abiria mwingine yeyote.

"Unakwenda wapi?" naiuliza. Nilikuwa karani wa vifurushi pale, kazi niliyoipata kwa cheti cha masomo ya jioni, kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

"Nahama, Mzee Shechambo. Treni haiji kwangu, naifuata."

Ikiondoka, Kwemhosi itabaki shamba la mkonge tu. Hakuna atakayeamini kwamba tuliwahi kupigiwa honi.

Nakimbilia mizani ya mizigo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kazi na amevaa kofia.

"Kanuni inasemaje?"

"Stesheni haihami ikiwa ina kifurushi ambacho hakijachukuliwa," anajibu mizani. "Lete daftari."

Daftari linajifungua lenyewe. Mwandiko ni wangu, na ni mzuri: kifurushi kimoja, mtoto wa kike, kilo tatu. Mama yake alijifungulia katika chumba cha kusubiria, nami sikuwa na daftari jingine la kumwandika. Mahali pa sahihi ya mpokeaji ni patupu.

Mara tuko jikoni kwa Bi Semeni, mtoto mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu wanne. Anakaanga vitumbua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Panda kwenye mizani."

Anapanda, mwiko mkononi.

"Kilo themanini na sita," anasema mizani. "Kifurushi kimeongezeka."

"Nimekula," anasema Bi Semeni.

"Basi jipokee," anaagiza mizani. "Weka sahihi hapa, stesheni ipate kwenda."

Bi Semeni anashika kalamu. Anaitazama stesheni, iliyoinamisha bati lake mlangoni.

"Wewe! Nilizaliwa kwako. Unataka niwaambie wajukuu nilizaliwa kichakani?" Anaichomeka kalamu kwenye nywele. "Sisaini ng'o. Rudi ukakae!"

Stesheni inacheka mpaka madirisha yanagongana. Inarudi mbio, nasi tunaifuata kwa vigelegele, mizani akipiga makofi kwa sahani yake moja. Inakaa chini, puu!

Kishindo kikaniamsha. Jua lilikuwa limeshatoka, na jirani yangu Mhando alikuwa akiniita kutoka upande wa relini.

"Mzee, hebu njoo uone maajabu!"

Mbuzi wake, aliyemfunga jana jioni kando ya stesheni, alikuwa mzima, anatafuna majani. Ila kamba yake ilikuwa imebanwa chini ya msingi wa stesheni. Tulivuta wote wawili, haikutoka. Ikabidi tuikate.