Dume la Mzee Sifael

Punda wangu Majivu ni jike wa Kimasai halisi: mfupi, wa kijivu, mwenye mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani na mwingine unaoukata mabegani. Babu wa mume wangu ndiye aliyemleta bibi yake Majivu kutoka tambarare, kwa kubadilishana na ndizi. Punda hawa huvumilia kiu, na kwato zao hazitelezi kwenye mawe ya mlima wetu.

Mimi sikuwathamini. Mwaka juzi nilinunua dume chotara pale Himo, mrefu, nikampitisha makusudi mbele ya jirani yangu Mzee Sifael, aliyekuwa na dume la mwisho la Kimasai katika kata yetu. Tukitoka kanisani nikamuuliza mbele ya watu, "Mzee, yule wako ni punda au mbuzi?" Watu walicheka. Yeye hakucheka, na hatukusalimiana tena. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata adabu.

Masika yaliyofuata kwato za chotara zilioza, akafa bila kuniachia mtoto. Majivu sasa ana miaka kumi na minane. Asipobeba mimba mwaka huu, basi tena. Nilimhitaji dume la Mzee Sifael.

Kwetu Uchagani, aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Hilo ndilo nililolitegemea. Nikakata sale, nikalifunga fundo, nikampa Mzee Eliufoo wa kanisani atangulie, nami nikafuata nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Kindness."

Mzee Sifael alilipokea sale kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," alisema. "Sale halikataliwi. Sasa sema shida yako, maana najua hukuja kwa salamu tu."

Nikamweleza habari za Majivu. Akatupeleka bandani. Dume alikuwepo, amenona, mpole kuliko nilivyomkumbuka.

"Siku ile ya kanisani nilirudi nyumbani nikimwonea aibu punda huyu," alisema. "Nikajiuliza, mbegu ndogo hivi ya nini? Jumatatu yake nikamwita mtu wa kuhasi kutoka Bomang'ombe."

Mzee Eliufoo alikohoa, akasema tunywe chai. Niliteremka nyumbani nimesamehewa kabisa, na Majivu ndiye wa mwisho wa mbegu yake.